Kamba ya Buluu kwenye Mguu wa Meza

Migori
12 Januari 2025

Mpwa wangu Lynnet,

Hemed amenihakikishia kwamba lori lake la sukari na sabuni litaondoka hapa Jumanne, na kwamba dada yake Mwanarusi atakukabidhi bahasha hii dukani kwake, hapo Homa Bay. Naomba ikukute mzima, wewe, mumeo na mtoto. Sisi tupo. Goti langu la kushoto hunisumbua asubuhi, mvua hakuna, na kuku wa mkaza mjomba wako wanataga kuliko wakati wowote.

Najua ulinipigia simu mara mbili wakati wa mwaka mpya. Sikupokea. Maneno ya simu hayana aya wala nukta, na mtu hawezi kuyasahihisha. Kwa habari hiyo, katika barua yako ya Krismasi umeandika "shangazi Metrine". Shangazi ni dada ya baba. Mke wa mjomba ni mkaza mjomba. Tena umeandika "kitu yangu". Kitu ni changu. Uliishi nyumbani mwangu miaka miwili ukisoma; watu watasema nini?

Habari njema ni kwamba Nchagwa, kitinda mimba wetu, amepata mchumba, muuguzi kutoka Mbarara, Uganda. Wazazi wa msichana watakuja Agosti kuona boma. Wao husema lugha ya kwao na Kiingereza, Kiswahili hawakijui. Kwa bahati nzuri boma hili halina upungufu wa Kiingereza. Nimeanza kuandaa hotuba.

Lililonifanya nishike kalamu ni jingine. Alhamisi iliyopita nilikwenda kwenye kikao cha walimu wastaafu, kama kila Alhamisi. Mwenyekiti hakufika, nikarudi mapema. Nilipofika penye kona ya jiko nilisikia sauti ya mke wangu, ya chini, ya polepole, ikisema kwa Kiingereza: "I have been waiting for you." Akarudia. Kisha akacheka.

Lynnet, Metrine aliacha shule darasa la sita huko kwao Bungoma. Mimi ni Mkuria, yeye ni Mbukusu, na tangu tuoane lugha ya nyumba yetu imekuwa Kiswahili. Sijawahi kumsikia akitunga sentensi ya Kiingereza, sembuse yenye wakati huo, ambao uliwashinda hata wanafunzi wangu wa kidato cha nne.

Nilikohoa, nikaingia. Alikuwa peke yake. Simu ilikuwa mezani, na kamba imefungwa kwenye mguu wa meza. Alisema anataka kuanika vitambaa. Vitambaa sikuviona.

Unaikumbuka kamba ya darasa langu. Ncha moja niliifunga dirishani: hapo ndipo jambo lilipoanza. Ncha ya pili aliishika mwanafunzi aliyesimama mahali pa "sasa". Nikiikata kamba, jambo ni la jana, halimhusu tena. Nikipiga fundo karibu na mkono wake, jambo limetimia lakini bado analo: "I have cooked." Na kamba ikiendelea kupita mkononi bila kukoma, "I have been cooking", na jasho bado liko usoni. Mfano huo haumo katika kitabu chochote. Ni wangu. Niliutumia katika shule moja tu, kule upande wa Rongo, na darasa lenu ndilo lililoushika vizuri.

Na nani alikuwa wa kwanza katika darasa hilo? Angwenyi. Angwenyi yuyo huyo sasa anafundisha katika chuo cha binafsi hapa mjini, ni mgane, anaimba besi kanisani, na kila Alhamisi huja kwetu kununua trei ya mayai. Mtu mmoja, trei nzima, kila wiki!

Ulisoma naye. Niulizie kwa busara kama anafundisha watu wazima majumbani kwao. Sina wivu. Nauliza kama mwalimu ambaye mfano wake umetumiwa bila ruhusa.

Mjomba wako,
Stanley Mirumbe


Homa Bay
16 Februari 2025

Nera, mjomba wangu,

Najua "Nera" utaipigia mstari, lakini ndivyo watu wa baba yangu wanavyomwita kaka ya mama, na mimi nimekulia kwao. Pole kwa goti. Barua yako ilikaa kwa Mwanarusi muda mrefu. Aliiweka na karatasi za ushuru, akidhani ni za Hemed. Huku tuko salama. Mume wangu alikuwa Takawiri kufuata samaki, amerudi na mafua. Mtoto ameota jino la pili na anamuuma kila mtu. Gredi ya nane wamenipa mimi, wanafunzi sitini na kitu, madawati ya watu arobaini.

Nimefurahi sana kwa habari ya Nchagwa. Sana. Tafadhali sherehe hiyo isiguswe na jambo lolote.

Kuhusu Angwenyi, mimi namjua kama mtu wa heshima. Mayai alikuwa anakula hata shuleni. Wewe mwenyewe ulikuwa unamwita Kicheche, mnyama mwizi wa mayai. Sijasikia kama anafundisha mtu yeyote kwa nyumba yake. Hiyo kamba yako wengi tunaitumia, Mjomba. Mimi mwenyewe juzi nimewasimamisha watoto nayo mpaka mlangoni, mwalimu mkuu akauliza kama tunafunga ng'ombe.

Usijisumbue. Kamba ya buluu kufungwa kwa meza haimaanishi mwanaume ameingia kwa nyumba.

Lakini Mjomba, mbona uniulize mimi niliye mbali hivi? Mkaza mjomba (umeona?) yuko hapo hapo. Umemuuliza?

Msalimie. Mwambie kuku wangu pia wanataga.

Mpwa wako,
Lynnet


Migori
16 Machi 2025

Mpwa wangu Lynnet,

Pole kwa mafua ya mumeo. Mpe maji ya moto na limau, asilale penye upepo. Huku mvua imeanza. Nchagwa amepiga simu kwa mama yake, wakazungumza muda mrefu, nami nikapewa simu chaji ikiwa imekwisha.

Nakurudishia barua yako ndani ya bahasha hii. Nimeisahihisha kwa wino mwekundu. Makosa ni kumi na moja. Zingatia hasa aya ya mwisho kabla ya swali lako: "kwa meza" ni kosa, andika "kwenye mguu wa meza", "kwa nyumba" ni kosa, andika "nyumbani", na "mwanaume" uandike "mwanamume". Ukishairekebisha, sentensi yenyewe si mbaya.

Swali lako, kama nimemuuliza, silijibu. Mwanamume haanzi kumuuliza mkewe maswali ya aina hiyo kabla ya kuwa na ushahidi.

Nao ushahidi unaongezeka. Kwanza, siku hizi redio ikisoma habari za Kiingereza, Metrine hutikisa kichwa mahali panapostahili, kabla sijamtafsiria. Pili, juzi wakati wa chakula nilisema ghafla, kwa Kiingereza, kwamba kuna mtu amechukua miwani yangu. Aliinua macho, akatazama juu ya paji la uso wangu, kisha akainama akaendelea na ugali wake. Miwani ilikuwa kwenye paji. Mtu asiyejua Kiingereza angeuliza nimesema nini! Tatu, Alhamisi Angwenyi alikuja kwa mayai yake, nikiwa bado sijaondoka. Alimwambia, "Mama Nchagwa, leo umependeza." Metrine akamjibu, "Nimekuwa nikipendeza tangu zamani, ni nyinyi mnaochelewa kuona." Wakacheka wote wawili. Nimekuwa nikipendeza! Hata Kiswahili chake sasa kinafuata kamba.

Kwa hiyo nimeamua. Jumapili inayofuata Pasaka nitasimama mbele ya wazee wa kanisa na kuomba Angwenyi aulizwe anafanya nini katika nyumba za watu. Na nitamwandikia Nchagwa kwamba ugeni wa Agosti uahirishwe. Siwezi kuwakaribisha wakwe mezani, nami sijui mezani pangu pamefungwa nini.

Narudia kwamba sina wivu.

Mjomba wako,
Stanley Mirumbe


Homa Bay
28 Machi 2025

Mjomba,

Nisamehe salamu leo ni fupi. Sote wazima. Sikungoja lori la Hemed. Barua hii anaileta mwalimu mwenzetu Pauline, anayekuja huko kwa mazishi, nami nimemwapisha aiweke mkononi mwako.

Usisimame mbele ya wazee. Usimwandikie Nchagwa. Ukifanya moja kati ya hayo utakuja kujilaumu, na mtu asiye na kosa hataweza tena kupita mbele ya kanisa lako. Angwenyi hajui lolote. Nakuapia kwa kaburi la mama yangu, dada yako Bhoke. Yule anapenda mayai, basi.

Utaniuliza ninajuaje. Nimempa mtu neno langu kwamba sitasema, na nimelishika tangu Novemba. Siwezi kulivunja hata kwako wewe uliyenilisha.

Lakini umenirudishia barua yangu ya Februari, nami nakurudishia tena, na wino wako wote juu yake. Nakuomba kitu kimoja tu. Weka kalamu chini. Iweke kwenye chumba kingine kabisa. Halafu uisome ile sentensi uliyosema si mbaya. Usiisahihishe, Mjomba. Isome.

Lynnet


Migori
6 Aprili 2025

Lynnet,

Tuko wazima.

Kamba ya buluu. Sikukuandikia rangi yake. Nimeitafuta nakala ya barua yangu ya Januari, maana mimi huweka nakala, na neno "buluu" halimo. Uliijua kamba iliyo jikoni mwangu, nami nikakaa hapa nikikufundisha kuandika "kwenye mguu wa meza".

Kwa hiyo ni wewe. Simu ile iliyokuwa mezani ni yako. Alhamisi ni zako.

Nilidhani nikijua kwamba si Angwenyi nitapumua. Sikupumua. Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na minne. Kuna daktari, kuna padri na kuna mbunge mmoja wa zamani waliojifunza nyakati za vitenzi kwangu. Watu walitoka Kisii kuja kuniomba niwatayarishie watoto wao. Na mke wangu, anayelala chini ya bati moja nami, ametafuta mwalimu Homa Bay! Tena mwalimu ambaye mimi mwenyewe nilimpa alama ya C, na nikafikiri nimemwonea huruma.

Je, aliwahi kuniomba? Sikumbuki akiniomba. Alikuomba lini? Alisemaje? Umemfundisha nini, kwa mpangilio gani? Ulianza na "have" au ulianza na kamba? Anakusikiliza? Huchekea nini? Mimi hajawahi kunichekea nikifundisha.

Kanisani sitasema neno. Kwa Nchagwa sikuandika. Angwenyi alipokuja Alhamisi nilimwambia mayai yamekwisha. Alitazama trei tatu zilizokuwa nyuma yangu, akasema, "Sawa, Mwalimu," akaondoka. Nitaona nitakavyolirekebisha hilo.

Metrine sijamwambia kwamba najua. Nataka majibu yako kwanza.

S. Mirumbe


Homa Bay
4 Mei 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Naomba barua hii uisome ukiwa umekaa. Mtoto ameanza kutembea; anatoka mlangoni kama mtu aliyeitwa mkutanoni. Mume wangu anakusalimu, na Mwanarusi pia, ambaye sasa anadhani mimi na wewe tuna kesi mahakamani.

Nilimwambia mkaza mjomba kwamba umejua kuhusu masomo. Singeweza kuficha pande mbili. Akasema, "Basi asiambiwe kwamba najua anajua. Tuone atafanya nini." Sasa umejua hata hilo, kwa sababu nimechoka kubeba siri za watu wawili wazima.

Umeuliza alisemaje. Nitakuambia kama alivyoniambia mwenyewe.

Unakumbuka wageni wa kanisa waliokuja kutoka ng'ambo kuona mradi wa kuku wa akina mama? Yeye ndiye mwenyekiti. Alisimama akasema maneno matatu: karibuni, tulianza na kuku sita, asanteni. Wewe ukasimama kumtafsiria. Ulitafsiri mpaka chai ikapoa. Ulisema habari za historia ya wilaya, ukasema na shairi. Wageni wakapiga makofi, wakaja kukushika mkono wewe, wakakupongeza kwa kuku. Yeye alikuwa amesimama na sinia.

Novemba, Nchagwa alipomwambia habari ya msichana wa Mbarara, alinipigia simu usiku ule ule. Alisema, "Lynnet, katika boma letu mama huzungumza na mama kwanza, jikoni, kabla wanaume hawajaanza mambo yao. Mama wa msichana hajui Kiswahili. Mjomba wako ataingia na hotuba yake. Mimi ndiye niliyemlea Nchagwa. Sitaki maneno yangu yalelewe na mtu mwingine." Nikamwambia, mwombe mjomba akufundishe. Akacheka. "Nitamwambia nini? Nikisema sentensi moja atanirudisha mwanzo mara tano, na nikiimaliza nitakuwa nimesahau nilitaka kusema nini."

Nilianza na kamba, Mjomba. Nilimwambia: "I have cooked", watu watazame sahani, chakula kipo. "I have been cooking", wasitazame sahani, watazame macho yako yalivyo mekundu kwa moshi. Akasema, "Kumbe Waingereza wana wakati wa wanawake." Tangu siku hiyo ule mrefu haumshindi hata kidogo. Nimekuwa nikichota. Nimekuwa nikingoja. Huo mfupi ndio unaomtatiza. Anasema haoni kazi gani aliyowahi kuimaliza.

Na ile sentensi uliyoisikia ukiwa penye kona ya jiko haikuwa ya mwanamume. Ni ya mama wa msichana, ya kumpokea. Alikuwa akiirudia kwa sababu alikuwa anameza neno "been".

Ninakuomba kitu kimoja. Siku ya wageni kaa nje kwenye benchi.

Lynnet wako


Homa Bay
13 Julai 2025

Mjomba,

Sijapata jibu lako tangu Mei. Hata wino mwekundu nimeukosa. Hatujambo, mvua ilibeba paa la choo cha shule na tumelipata kwa jirani.

Mkaza mjomba anasema siku hizi unaondoka kila Alhamisi, hata mvua ikinyesha, hata wakati walimu wenzako wamesema hakuna kikao. Tena ukirudi unaanza kukohoa ukiwa getini, na unakohoa mpaka mlangoni. Aliniuliza kama una kifua. Nikamwambia sidhani ni kifua.

Wageni wanakuja tarehe tisa Agosti. Mimi nina mitihani, sitafika. Tafadhali nijulishe.

Lynnet


Migori
24 Agosti 2025

Mpwa wangu Lynnet,

Barua hii ikukute salama, na paa la choo likiwa mahali pake. Goti limepata nafuu. Tumepata magunia ya mahindi ya kutosha. Angwenyi anapata mayai yake, na nimemwongezea mawili kila trei bila kumweleza sababu. Anadhani nimezeeka.

Sikukujibu kwa sababu sikuwa na jambo la kusema ambalo lisingekuwa kosa. Sasa ninalo.

Kila Alhamisi nimekuwa nikikaa dukani kwa Hemed, juu ya magunia ya sukari, mpaka masomo yenu yaishe. Mara ya tatu Hemed aliniuliza, "Mwalimu, umekuja kununua au kungoja?" Nikanunua sabuni. Nyumbani sasa tuna sabuni ya kutosha mazishi mawili na harusi.

Wageni walifika saa tano asubuhi: baba, mama, wajomba wawili na msichana mwenyewe, mpole, mwenye macho ya mtu anayehesabu dawa. Mama anaitwa Bi Kyomugisha. Nilikuwa nimevaa suti ya kustaafia, na hotuba ya kurasa nne mfukoni. Wazee tukakaa kwenye benchi nje ya jiko, Angwenyi kando yangu, kwa kuwa nilimwalika. Metrine akatoka, akafuta mikono, akamshika Bi Kyomugisha mikono yote miwili. Yule mama akageuka kunitazama mimi, kama watu wote wanavyonitazama panapohitajika Kiingereza.

Nilitazama goti langu.

Metrine akasema, "You are welcome. I have been waiting for you." Neno "been" lilisikika lote. Wakaingia jikoni, mlango ukabaki wazi. Akaendelea polepole: amekuwa akimtunza kijana huyu tangu akiwa mdogo, alikuwa mgonjwa mara kwa mara, alikuwa haogopi mbwa. Mahali pa "for" aliweka "since". Mkono wangu ulikwenda mfukoni kutafuta kalamu. Angwenyi aliuona. Niliutoa mkono ukiwa mtupu.

Kisha Metrine akasema, "Now I have finished." Akamgeukia mwenzake, akamwuliza: "And you? Have you finished?"

Bi Kyomugisha alimtazama. "A mother?" akasema. "My sister, who has ever finished?"

Wakaanza kucheka, na kabla kicheko hakijaisha walikuwa wakilia, wamesimama wameshikana katikati ya moshi, na mwanamume yeyote asingejua cha kufanya. Msichana akaingia akakumbatiwa katikati. Mimi nimefundisha wakati huo miaka thelathini na minne kwa mifano ya madirisha na mabasi, na sijawahi kuona mtu akilia.

Angwenyi aliniinamia, akanong'ona, "Mwalimu, nani amemfundisha?"

Nikamjibu, "Ametoka katika nyumba ya mwalimu." Si uongo. Si jibu pia. Wewe ulistahili kutajwa, na sikukutaja. Nilitaka angalau mtu mmoja hapo bomani afikiri ni mimi.

Hotuba niliisoma, ukurasa mmoja. Wakapiga makofi ya adabu.

Wageni walipoondoka nilimkuta Metrine akifungua ile kamba kwenye mguu wa meza. Bila kunitazama akaniuliza kwa Kiingereza: "How long have you been knowing?"

Unajua kosa lililomo. Lilikuwa limesimama mbele yangu kama ng'ombe barabarani. Nilisema, "Since April."

Akatikisa kichwa, akazungusha kamba mkononi. Nikamwomba, kwa Kiswahili, nami nikiwa nimesimama, nimfundishe. Nilimweleza kwamba hakuna sababu ya yeye kusomeshwa kwa simu na mtu wa C, huku mwalimu wa mwalimu huyo yupo nyumbani bila kazi. Alifikiri muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akasema, "Alhamisi ni ya Lynnet. Kama unataka sana, kuna Jumanne."

Jumanne nilimfundisha tofauti ya "since" na "for", kwa mpangilio mzuri, nikianza na sheria na kumaliza na mazoezi. Alisikiliza kwa heshima zote. Mwishoni akasema, "Asante, Baba Nchagwa. Nitamwuliza Lynnet Alhamisi."

Amekwisha kukuuliza. Najua, kwa sababu Alhamisi jioni alizitumia zote mbili sawasawa, akiwaambia kuku, na alikuwa akicheka.

Barua yako ya Julai naiambatanisha. Sikuitia wino. Makosa yamo, uyatafute mwenyewe.

Nieleze ulimwambiaje. Andika yote, kwa mpangilio, pamoja na mahali alipocheka. Ukimwambia kwamba nimeuliza, nitakana. Lori la Hemed linarudi huku Jumatatu, nami nataka kuwa na jibu lako kabla ya Jumanne.

Mjomba wako,
Stanley Mirumbe